Lebo ya Mvinyo Isiyo na Mistari

Sogea kidogo unisikilize, maana nataka kukueleza jinsi tulivyotengeneza lebo ya chupa ya mvinyo miaka ile ya Ujamaa, kwenye karakana ndogo ya uchapaji nyuma ya soko la Kariakoo. Si jambo gumu. Nitakwenda polepole.

Mimi nilikuwa mchoraji. Aliyechapa alikuwa mzee mmoja wa Magomeni, Mwislamu wa swala tano, ambaye hakuwahi kuonja mvinyo maishani mwake. Watu wa mtaani walipomchokoza kwamba anaishonea pombe nguo, aliwajibu kuwa yeye anachapa karatasi, hanywi karatasi. Kwetu sisi wengine aliita ule mvinyo "juisi yenu".

Juisi yenyewe ilitoka Dodoma. Wakulima wawili wa kijiji cha ujamaa walikuja na basi, wamebeba chupa za bia zilizooshwa na kujazwa mvinyo mwekundu, kila moja imeviringishwa gazeti. Chupa mpya hazikupatikana, kwa hiyo lebo peke yake ndiyo ingemwambia mtu kwamba hii si bia. Walisema wangerudi Ijumaa kuona sampuli.

Stoo tulikuwa na wino wa rangi mbili tu, kijani na damu ya mzee. Nikafurahi, maana zabibu hazihitaji zaidi ya hapo. Nikachora kichala, kila tunda limezungushiwa mstari mwembamba wa kijani, ndani yake damu ya mzee. Niliringa sana na ile mistari.

Sasa shika jambo moja. Rangi mbili huchapwa mara mbili, kila rangi na kibao chake cha mbao kilichochongwa. Unaanza na damu ya mzee, unaanika karatasi kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, zikikauka unazirudisha mashineni moja moja zipate kijani. Karatasi ikikaa upande kidogo tu, hata kwa upana wa punje ya mchele, rangi inatoka nje ya mstari. Ndivyo ilivyotokea. Karatasi baada ya karatasi, zabibu zangu zilikuwa huku na rangi yake kule, kama mtoto aliyevaa shati la kaka yake.

Meneja alizitazama bila kupandisha sauti. Alisema Ijumaa asipoona karatasi safi, mzee atapumzishwa na mashine apewe mtu mwingine. Mzee alikuwa amesimama pale pale, anafuta vidole kwa kitambaa.

Mchana ule sikwenda kula. Nilisimama kando ya mashine nikamtazama anavyofanya kazi. Alama za pembeni, zinazoonyesha karatasi ikae wapi, hakuziangalia hata mara moja. Alikuwa akipapasa ukingo wa karatasi kwa kidole gumba.

"Unaniangalia nini, mwanangu?"

"Naangalia unavyoweka karatasi, mzee."

Akasimamisha mashine. "Mistari yako siioni," alisema. "Kidole kinajua karatasi imeishia wapi. Mstari hakiujui."

Nikamuuliza kama nyumbani wanajua. Akasema mkewe anajua, ndiyo maana siku hizi hampi tena mchele auchambue, asije akawalisha mawe. Tukacheka wote wawili, kisha akaniomba nisimwambie meneja.

Nilirudi mezani nimekasirikia kalamu yangu. Nani alisema zabibu ina mstari? Nikachonga vibao vingine. Zabibu zikawa madoa manene ya damu ya mzee yanayogusana, hakuna mstari popote. Kijani nikakipa jani moja tu, pana, linalolalia kichala kwa juu, kubwa kiasi kwamba likisogea kushoto au kulia bado ni jani. Maandishi nikayachonga kwenye kibao kimoja na zabibu, yasihitaji kukutana na kitu chochote.

Tulichapa Alhamisi. Hakuna karatasi mbili zilizofanana, na hakuna iliyokuwa mbaya. Pale kijani kilipoilalia ile rangi nyingine palitoka weusi laini, kama kivuli cha jani juani. Mzee alisogeza moja mpaka karibu na pua.

"Hizi naziona," alisema. "Hizi hata mimi naziona."

Ijumaa asubuhi tulizibandika kwa uji wa muhogo kwenye chupa za wageni wetu. Mkulima mmoja aliigeuza chupa taratibu, akasema hizi zimeiva vizuri, wangezichuma wiki hiyo hiyo. Meneja akamgeukia mzee kumuuliza kazi yote itakamilika lini. Mzee akasema Jumatano, akaomba ruhusa, akaenda kunawa awahi swala ya Ijumaa.

Basi nawe ukipewa lebo ya kuchora, usianze na penseli. Nenda kwanza ukasimame kando ya mtu atakayeichapa, utazame mikono yake inavyoweka karatasi, kisha rudi mezani uchore kitu ambacho mikono hiyo inakiweza.