Dawa ya Bibi Kabula

Jamani, mkicheka chekeni taratibu, maana hapa Geita bado hawajaisahau hii habari, na nikipita gengeni lazima kuna mtu akohoe kile kikohozi cha kuzomea. Mimi ni mtu mzima, nina mkwe, lakini kuna siku nilisimama mbele ya umati nimeinua juu kikombe chenye... ngojeni, tutafika.

Mnajua kila Jumatano napika pale kwenye kituo cha wazee cha mtaa wetu. Wanakuja kupimwa presha, wananyoosha viungo, wanakula. Na kulisha wazee ni kazi, nawaambieni! Meno hakuna, hamu hakuna, na ukimwekea Mzee Luhende mboga za majani anakuuliza, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "mimi mbuzi?" Kwa hiyo nikawa nabuni mambo yangu: nasaga michembe (vile viazi vitamu vya kukausha) iwe unga, nachanganya na karanga na dagaa wa kusaga, natoa uji mzito ambao mtu hahitaji jino hata moja. Wakaupenda, na kichwa kikanivimba. Jumatano hiyo nikaona nitie na bitiruti, maana mimi mwenyewe zahanati walishaniambia damu yangu ni kidogo nile hicho kitu. Ila nikajua wakiziona tu watasusa, basi nikazisagia nyumbani, nikaja nazo kwenye ndoo yenye mfuniko, sikumwambia mtu.

Kukoroga nilimwachia Bibi Kabula. Ni mjane, anaishi peke yake, na macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni aliopikia maisha yake yote. Mnajua wenyewe huku kwetu Usukumani ajuza wa macho mekundu anavyoishi, watu wanampa shikamoo huku wanaangalia pembeni, wakihofia uchawi. Nilimweka jikoni makusudi ili wamzoee, na walishaanza kumzoea. Basi uji ukapakuliwa, mwekundu huo! Mzee mmoja akauliza mbona leo uko hivi, na mimi na huu mdomo wangu, kipaza sauti mkononi, nikajibu kwa mbwembwe, "Leo Bibi Kabula katia dawa yake! Nyie kunyweni tu!"

Wakacheka, wakanywa. Mimi nilikunywa vikombe viwili, ukiacha nilivyokuwa naonja tangu alfajiri.

Mchana wameshakula, wengine wanacheza bao, Mzee Luhende akaenda chooni. Alitoka ameshikilia suruali kwa mkono mmoja na ukuta kwa mkono mwingine, midomo inamcheza. "Nakojoa damu," akasema. Nikafikiri amechanganyikiwa, nikamkalisha. Hajakaa sawasawa, bibi mmoja akatoka choo cha wanawake analia, naye hivyo hivyo. Nikaanza kuwaza dagaa, nikawaza karanga zimeota kuvu, nikawaza nimeua wazee wa watu. Kisha nyuma yangu nikasikia mtu anasema polepole, "Si Mama Doto alitangaza mwenyewe kwamba huyu bibi katia dawa?"

Jamani, pale ndipo nilipoogopa kweli. Nyuso zote zikageukia jikoni. Bibi Kabula alikuwa anasugua sufuria. Hakukimbia. Aliiweka chini, akafuta mikono kwenye kitenge, akakaa sakafuni mgongo ukutani, nikajua hii si mara yake ya kwanza kuangaliwa hivyo.

Mtu akampigia simu Masanja, mtoto wa Mzee Luhende, yuko machimboni. Haikupita muda, bodaboda tatu hizo, vijana matope mpaka magotini, mmoja kaja na sururu yake. "Yuko wapi?" Masanja akauliza, hakumtaja hata jina. Na niwaambie ukweli ingawa ndiyo aibu yangu kubwa kuliko hiyo ya kikombe: nilimwangalia yule bibi, mimi niliyesaga zile bitiruti kwa mikono yangu, nikawaza, au kweli?

Hofu ikanibana mkojo, nikakimbilia chooni. Kuangalia chini, mwekundu! Nilipiga yowe walionisikia wakadhani nimekata roho. Nikampigia mdogo wangu Nkwimba, ni muuguzi, namwambia kwa kwikwi dada yako ndiyo naondoka, niangalizie Doto. Akaniuliza dalili, nikamweleza. Akaniuliza tena, "Dada, umekula bitiruti?"

"Ndiyo."

"Basi ni hizo. Wengine zinawatoka, wengine haziwatoki. Acha kuniliza kazini."

Nikatoka mbio napiga kelele ni bitiruti, ni bitiruti! Nani anisikie? Ndoo nimeshaiosha, maganda yako nyumbani kwangu. "Anamtetea," mmoja akasema. "Kamroga na yeye." Masanja alikuwa ameshafika mlango wa jikoni, na mzee wake anamwita arudi, haitikii. Bibi Kabula alikuwa ameinamisha kichwa, amejifunika kitenge.

Sikufikiri. Nikanyakua kikombe cheupe cha plastiki, nikarudi chooni (na nilivyokuwa naogopa, huo mkojo nao ukawa hautaki kutoka, nikaubembeleza kama mtoto), nikatoka nao, nikajipenyeza nikasimama kati ya Masanja na mlango, nikauinua juu. "Huu ni wangu! Wa Mama Doto! Bitiruti nilitia mimi, nikawaficha, huyu alikoroga tu! Mkitaka kupiga mtu, nipigeni mimi!"

Mzee Luhende akajikongoja mpaka pale, akavaa miwani, akachungulia kikombe kwa utulivu kama anayekagua pamba sokoni. "Ni ule ule," akasema. "Masanja, toka hapo." Akanigeukia. "Mayu, yaani umenilisha majani bila kuniambia?"

Mtu mmoja akacheka, wakafuata wote, mpaka yule wa sururu. Saa hiyo hiyo mwenyekiti wa mtaa ndiyo anaingia, ameitwa kuja kuamua ugomvi, na mimi kwa kuchanganyikiwa nikampa mkono kwa heshima zote, mkono ule ule wenye kikombe. Viatu vyake vilikuwa vyeupe.

Jioni nilimsindikiza Bibi Kabula kwake. Njia nzima nimemshika mkono, naomba msamaha, naomba tena. Mlangoni ndipo aliposema. "Uji ulikuwa mtamu, mwanangu. Ila lile neno na jina langu usiyaweke tena pamoja." Akaingia, nikasikia komeo, halafu nikasikia anasogeza kitu kizito nyuma ya mlango.

Siku hizi kila ninachotia kwenye sufuria nakiinua kwanza wakione, hata chumvi, na neno dawa pale kituoni silitamki. Mtaani wananiita Mama Kikombe, watoto wananiimbia kabisa, na mwanzoni nilikuwa nalia. Sasa naitika, maana kila wanapocheka jina langu, hawalikumbuki lile walilotaka kumpa yeye.