Kielelezo Namba Saba

Nimekaa mlangoni pa mahakama ya shirikisho mjini Pruitt, Kentucky, miaka kumi na tisa, nikiwapitisha watu kwenye mtambo unaolia kwa funguo na vifungo vya mikanda. Nimeona walaghai wakitoka vichwa juu, na watu wema wakitoka wameinama. Lakini aibu iliyombadilisha mtu mpaka mwendo niliiona kwa Darlene Stiltner, karani wa jaji, na huyo hakuwahi kushtakiwa kwa lolote.

Yeye ndiye aliyepanga kesi ipi isikilizwe lini, na faili lipi lifike mezani kwa jaji. Ijumaa alituletea maharage na mkate wa mahindi, na hata mawakili wa kampuni walijipitisha ofisini kwake wakijifanya wanatafuta kalamu. Akinikuta nasinzia hugonga meza: "Hobert, amka, wauaji wanapita!"

Miaka mitatu tulikuwa na mahakama bila jaji. Rais anapeleka jina Seneti, chama cha upinzani kinalikalia. Rais aliyemtangulia alifanyiwa hivyo hivyo na chama cha huyu, kwa hiyo mtu asinibabaishe kuhusu nani mwema. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, na kunguru wa huku milimani ni kampuni za makaa ya mawe. Kesi zilirundikana hadi Darlene akaanza kuziweka chooni.

Krismasi moja maseneta walipokwenda likizo, Rais akatumia mwanya huo. Sheria inamruhusu kuteua mwenyewe wakati wao hawapo, ila jaji wa namna hiyo hukaa mpaka kikao kinachofuata cha Seneti kifungwe. Wasipompigia kura ya kumthibitisha kabla ya hapo, anafungasha. Wakimthibitisha, anakaa maisha. Ndivyo tulivyompata Everett Lykins, na mjini wakamwita Jaji wa Likizo.

Alikuja na vyeti vyake ndani ya boksi. Darlene akamwuliza, "Nikupigilie misumari ya kuvitundika, Jaji?"

"Acha kwanza, Darlene. Mgeni hatoboi ukuta wa watu."

Na alikuwa mzuri, nisimnyime sifa zake. Alisikiliza, akaamua, watu wakaenda makwao. Darlene alichangamka kama mtu aliyetolewa plasta ya mguu uliovunjika. Alianza hata kuimba.

Aprili ikaja kesi ya Bi Icie Varney wa bonde la Laurel Lick. Kampuni ilikuwa imelundika tope la makaa juu ya bonde, na kisima chake kikaharibika. Hakudai utajiri. Aliomba jaji aiamuru kampuni imletee maji safi wakati kesi ikiendelea, basi. Alileta maji ya kisima kwenye chupa nene ya bibi yake, zile za kuhifadhia maharage, yakiwa meusi kama kahawa iliyolala. Ikaandikwa Kielelezo Namba Saba. Jaji aliishika dirishani, akaizungusha polepole, kisha akasema, "Nitatoa amri ndani ya wiki mbili." Hakukuwa na mtu mle ndani ambaye hakujua itakuwa amri gani.

Wiki hiyo hiyo zikavuma habari kutoka Washington: huenda kura ikapigwa Juni. Seneta mmoja wa chama cha jaji mwenyewe, rafiki wa makaa, alikuwa anayumba. Amri moja ya kumuudhi huyo, na Lykins kwisha.

Darlene akalitoa faili la Bi Icie kwenye rundo, akalitia kwenye droo yake ya chini, chini ya taa za Krismasi. Aliniambia mwenyewe, mlangoni pangu, anakoroga kahawa.

"Ni wiki nane tu, Hobert. Akipita anakaa maisha. Hebu fikiria ni watu wangapi atawatendea haki."

"Na Bi Icie?"

"Amengoja miaka mitatu huyo. Wiki nane zitamuua?"

Nikacheka. Naliandika hili kwa sababu ni kweli: nilicheka, nikamwambia, "Wewe Darlene ndiye ungekuwa seneta."

Juni ikapita bila kura. Wakasema Septemba. Septemba wakasema baada ya uchaguzi. Na kila Jumatatu Bi Icie aliingia na madumu mawili ya maziwa yaliyooshwa, ananiachia, anakwenda dirishani kwa Darlene.

"Kuna lolote, mwanangu?"

"Bado, Bi Icie. Jaji ana kazi nyingi."

"Haya, mwanangu. Msalimie."

Mimi nilikuwa namjazia madumu kwenye bomba letu. Darlene aliacha kuimba. Maharage ya Ijumaa yakakoma, akasema mgongo unamuuma. Jumatatu alianza kuingia kwa mlango wa nyuma, na mtu asiye na hatia haoni sababu ya kuzunguka jengo kwenye baridi.

Katikati ya Desemba, saa sita mchana, Seneti ikafunga kikao. Hawakumpigia kura, hata ya kumkataa. Saa nane Darlene akalitoa faili na kuingia nalo kwa jaji. Mimi nilikuwa humo nabeba boksi la vyeti, lile lile ambalo halikufunguliwa.

"Jaji, nililificha mimi. Nilitaka ubaki."

Nilidhani atafoka. Nadhani naye Darlene alikuwa anaombea afoke. Lykins aliangalia viatu vyake.

"Nililitafuta siku ya tatu," akasema. "Nikafungua droo yako, nikaliona chini ya taa. Nikaifunga droo."

"Basi tia saini sasa!"

"Sasa? Tangu saa sita saini yangu ni ya mpita njia, Darlene."

Tulikaa tena bila jaji miezi kumi na minne. Aliyekuja akalisoma faili, akafuta ombi kwa ukurasa mmoja: mwombaji ameshahama Laurel Lick, haishi mtu tena katika nyumba ile, kwa hiyo hakuna wa kuletewa maji. Karatasi hiyo Darlene ndiye aliyeigonga muhuri.

Bi Icie alikuja Machi, kutoka Ohio kwa dada yake, kuchukua chupa yake. Darlene akaitoa kabatini, kando ya sinki la ofisini kwake; mlango ulikuwa wazi, nikawa naona yote. Maji yalikuwa yametulia, nusu ya chini tope.

"Hii ni ya bibi yangu," Bi Icie akasema. "Acha nimwage humu kwenye sinki, isije ikachafua gari la dada."

"Hapana!" Darlene akaruka. "Si humo, Bi Icie. Humo ndimo tunamojazia birika."

Kisha akajisikia alichosema. Nilimwona. Uso wote ulimshuka, akashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili.

"Sisi tuliyaoga haya," Bi Icie akasema, bila ukali.

"Bi Icie, kesi yako haikucheleweshwa na jaji peke yake. Faili nililificha mimi. Kwenye droo. Wiki thelathini na tatu."

Bi Icie akakaza kifuniko, akaisukuma chupa juu ya kaunta mpaka ikamgusa Darlene.

"Basi kaa nayo."

Akaja mlangoni kwangu, taratibu, akiwa mikono mitupu. Akanishika mkono.

"Afadhali wewe, Hobert. Kila Jumatatu ulinijazia maji. Kwenye jengo hili ni wewe tu uliyekuwa mtu kwangu. Mungu akubariki."

Kule nyuma Darlene alikuwa amesimama na chupa kifuani, ananitazama mimi, anangoja nami niseme.

"Karibu tena, Bi Icie," nikasema, nikamfungulia mlango.