Kila Swali Nilijibu Ndiyo

Mwaka jana mwalimu wa chuo kikuu alifika kwetu Murukulazo. Alikuwa akitafiti maisha ya vijana wenye ulemavu wa kujifunza, na mwenyekiti wa kitongoji akamleta kwangu, kwa kuwa nilimaliza darasa la saba nikisoma kwa shida. Kila swali nilijibu, "Ndiyo, mwalimu." Kwetu mtoto hamkatalii mgeni, hasa aliyekalishwa kwenye kiti cha baba.

Msimu huu wa maharage alirudi na basi dogo lililojaa wanafunzi. Mama alipolisikia likipanda kilima aliacha kupepeta.

"Mbona wengi hivi?"

Jirani akapaza sauti kutoka shambani kwake, akininyooshea kidole mimi. "Wamemfuata profesa wetu!"

Mama hakucheka.

Walikaa uani kwenye mikeka. Mwalimu akawasomea kutoka kwenye karatasi zake: kijana wa miaka kumi na tisa, anaandika polepole, anaogopa watu. Wakaandika. Nilikuwa nimesimama pale pale na jagi la maji. Kisha akasoma, "Tulipomuuliza kama angependa kuishi kwenye kituo cha vijana wenye ulemavu mjini, mbali na familia, alikubali bila kusita."

Swali hilo nilikuwa nimelisahau kabisa.

"Nafasi imepatikana," alimwambia baba kwa upole, akimpa fomu. "Ni matakwa yake mwenyewe, mzee. Gari la kituo litakuja Jumatatu."

Baba alinitazama. "Ulisema hivyo?"

Niliweka jagi chini. Baba akashika kalamu.

Nikamnyang'anya. Sijawahi kumnyang'anya baba kitu. Niligeuza fomu nikaandika nyuma yake. Herufi ya tatu niliikosea, nikaifuta kwa mate, karatasi ikatoboka. Wote walikuwa wakinisubiri.

"Sitaki," mwalimu alisoma. "Lakini ulisema ndiyo."

"Huyu anamwambia kila mgeni ndiyo," mama alisema. "Muulizeni kama ni ng'ombe."

Mwanafunzi mmoja akauliza kweli, akitabasamu, "Kaka, wewe ni ng'ombe?"

"Ndi..." Nikauma ulimi.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alikunja karatasi zake bila kufuta neno hata moja. Fomu aliiacha juu ya kiti cha baba, na baba hakuitia saini wala kuichana.

Jumatatu niliamka mapema, nikaandika neno lile lile kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa daftari. Nikakaa mlangoni na ukurasa huo mkononi, nikisikiliza kama gari la kituo linapanda kilima.