Lydiah Alitema Asali Sokoni

Pale soko la Kiritiri hakuna mtu anayenunua asali ya Lydiah kabla hajamwona akiuma sega. Muuzaji anauma kwanza, anatafuna, anameza, mnunuzi akimkazia macho, maana wako watu wanaopika sukari na kuiita asali. Miaka kumi na miwili Lydiah ameuma, na watu wakamwamini.

Meno yake ni ya kahawia tangu utotoni, kama ya wengi waliokulia maji ya kisima cha pampu cha kwao, yenye madini yanayotia meno rangi. Hayakuwahi kumuuma. Ila mteja mmoja wa ofisini alimwambia, "Mama, asali ni tamu, lakini hayo meno yananimaliza hamu," na wenzake wakacheka. Maneno yale yalimkaa moyoni.

Ndipo akaenda Embu kwa Gedion, kijana aliyeweka kiti nyuma ya saluni na kujivika koti jeupe, akidai anang'arisha meno. Hakumwuliza hata swali moja. Alimpaka dawa ya chupa isiyo na jina, ufizi ukawaka moto.

"Inachoma!"

"Vumilia, mathe. Ikichoma ujue inafanya kazi."

Kazi gani? Ukahawia ulibaki palepale, sasa umezungukwa na mabaka kama chokaa.

Siku ya soko akaja Njiru, ambaye huchukua ndoo nzima. Lydiah akauma sega. Utamu ukampiga mpaka sikioni. Akatema chini, machozi yakimtoka.

Njiru akafunika ndoo. "Hata wewe mwenyewe imekushinda kumeza?"

"Ni meno, Njiru! Asali ni safi!"

"Leo ndio meno yamekosana na asali?" Akaenda zake, na wanunuzi wengine wakamfuata.

Lydiah akaenda kwa daktari wa meno, Shamima, ambaye alimweleza polepole. Madoa ya chai au miraa hukaa juu ya jino, na dawa halali, ikipimwa na mtu anayejua, huyapunguza, hata kama jino litauma siku chache. Rangi ya maji yale imo ndani ya jino lenyewe. Na alichopakwa kilikuwa kikali mno, kimekula ganda la juu. "Ufizi utapona, mama. Ganda halioti tena. Tutayaziba meno yanayouma."

Lydiah alipita kwa Gedion. Kijana hakuinua hata kichwa. "Meno yako yalikuja yakiwa mabaya. Mimi si Mungu."

Siku ya soko iliyofuata Lydiah alimwita Njiru, akapanua kinywa mchana kweupe. Njiru akachungulia ule ufizi uliobabuka, akashtuka.

"Ningejuaje, Lydiah?"

"Nilikuambia! Na una ulimi. Mbona hukuionja?"

Njiru akachovya kidole, akalamba. Akachovya tena. "Ni asali," akasema chinichini, akiinama kuchukua ndoo.

Lydiah akaikanyaga kamba ya ndoo. "Siku ile hukunong'ona. Sema tena, kwa sauti, mpaka wale ulioondoka nao wasikie."