Msasa Juu ya Bunduki ya Mjane

Mimi ni seremala wa Tanga, na tangu nianze kazi sijawahi kuona mteja akikasirika kwa kurudishiwa kitu chake kikiwa kizuri zaidi. Ndiyo maana nilifanya ujinga ule, hapa ugenini, mtaa wa Rosettenville, kwenye duka la bunduki ninakotengeneza vitako vya mbao.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya mama mwenye nyumba wangu, mjane wa Kireno. Mumewe alipofariki, kwa kuwa yeye hakuwa na leseni, ilibidi aiache kwa bosi wangu mpaka apatikane mnunuzi. Ni bunduki ya jeshi, ya zamani sana. Kuna wakati majeshi yalikuwa yakiziuza kwa mafungu na hakuna aliyezijali. Sasa zimeadimika, wakusanyaji wanazigombania, na kila bosi akipokea simu bei imepanda tena. Mmoja wao alitaja bei ya kumtosha yule mama kupasuliwa macho yote mawili hospitali ya kulipia. Ya serikali foleni haisogei, na daktari alishamwonya asichelewe.

Bosi aliniambia nizibe ufa mdogo kwenye kitako, basi, akaenda safari zake. Nikaitazama ile mbao: imefifia, ina mikwaruzo, imejaa mihuri na namba zilizogongwa na jeshi. Nikasema, aka, mama huyu amewanywesha wanangu supu miaka yote hii, nimrudishie kitu kama kuni? Nikapiga msasa mpaka ikawa laini, nikapaka vanishi mara tatu. Wallahi niliiona nzuri, nikajisifu peke yangu.

Mnunuzi alipokuja aliishika mara moja tu, akauliza mihuri iko wapi. Hakupandisha sauti. Akasema alichokuwa analipia ni ile mihuri na ule uchakavu, na sasa haitaki hata kwa nusu bei. Bosi akawapigia wengine watatu, majibu yakawa yale yale. Namba zile hazirudi. Ukizigonga upya umeghushi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Utamwambia wewe," bosi akasema. Hata kunitukana hakunitukana, na hilo ndilo lililonimaliza.

Jumamosi mama akaja mwenyewe dukani, anatembea huku mkono uko ukutani. Bosi akamsogezea bunduki mezani, akatoka nje. Mama akakipapasa kitako taratibu, akatabasamu.

"Laini hivi! Ni kazi yako, fundi? Mungu akubariki. Marehemu hakuwahi kuitunza namna hii." Kisha akauliza, "Mnunuzi ameipenda?"

Nilifikiria kumdanganya, eish, nilifikiria kabisa. "Mama," nikamwambia, "keti kwanza."

Akanyoosha mkono kukitafuta kiti, akakikosa. Nikamshika, nikamkalisha, naye akaung'ang'ania mkono wangu wakati wote nilipokuwa namweleza. Nilipomaliza, aliuachia.