Shimo la Chokaa la Kaka

Tetemeko lilipoangusha tao la mlango wa nyumba yetu ya ibada ya kale, kaka yangu, fundi mwashi, aliapa kulijenga upya kwa mawe yaleyale na chokaa, bila saruji. Aliiloweka chokaa shimoni ilainike taratibu.

"Kaka, huo uji wako utaiva lini?" nilimtania.

"Chokaa ni kama wewe, dada. Ukiiharakisha, inaunguza."

Alifariki kabla haijaiva. Wenzake wakataka kuleta saruji wamalize. Wifi yangu akakataa katakata. Kila asubuhi aliyamwagia maji magunia yaliyofunika shimo, chokaa isikauke, huku akimwombea marehemu.

Leo chokaa imetoka laini kama siagi. Mafundi walimpa wifi mwiko, akapaka penye jiwe la mwisho. Tao limesimama. Mungu amrehemu kaka yangu.