Kengele Juu ya Njia ya Miguu

Harufu ya magome ya miwati yaliyolowa hunirudisha Njombe ya enzi za Mwingereza. Nilikuwa binti mdogo, nimekalia keria ya baiskeli ya baba, nimemkumbatia kiunoni, vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

Mbele ya maduka palikuwa na njia ya miguu iliyoinuliwa kwa mawe. Serikali ilikataza kuendesha baiskeli pale. Upite barabarani pamoja na malori, au ushuke ukokote. Watu walinung'unika. Baba, mzee wa kanisa, alisema sheria ni msumeno, wala gurudumu lake halikuwahi kuigusa njia ile.

Asubuhi moja tulikuwa tukipeleka njegere sokoni. Ukungu ulikuwa mzito hata miguu yangu mwenyewe siioni. Tulipofika kwenye maduka nikasikia kengele upande wa kushoto, juu ya njia ya miguu.

"Baba, kuna mtu anaendesha huko juu."

Nilihisi mgongo wake umekakamaa. Kengele ilikwenda sambamba nasi. Tukipunguza mwendo, nayo inapunguza. Ajabu, sikusikia mnyororo wala matairi kwenye changarawe. Ghafla ikaanza kulia mfululizo, kama mtu anayeita kwa hofu. Baba akakata kona, tukaparamia yale mawe, njegere zikamwagika.

Papo hapo lori la kutoka Makambako likapita bila taa, pale pale tulipokuwa. Upepo wake ulinivua kitambaa kichwani.

Juu ya njia hapakuwa na mtu. Kisha askari akatokea ukunguni akihema, akashika usukani wa baiskeli yetu.

"Mzee! Hata wewe?"

Barazani, Bwana Shauri, ofisa wa serikali aliyesikiliza kesi, alimuuliza baba kwa nini amevunja sheria.

"Nilisikia kengele, nikaifuata."

"Kengele ya nani?"

Baba alitazama sakafu. "Sijui, bwana."

Nilimvuta mama kanga: mbona hasemi habari za lori? Mama akanibana mkono ninyamaze. Askari alipoulizwa, alikohoa kwanza. "Bwana, hata mimi niliisikia. Nilikuwa nakimbia nikamkamate mwenyewe. Sikumkuta."

Hakuna aliyecheka. Mchungaji wetu, aliyekaa benchi la mbele, aliinamisha kichwa. Bwana Shauri akasema kwamba sheria haiulizi kengele, inauliza gurudumu, na baiskeli ikafungiwa bomani mwezi mzima.

Jioni nilimkuta baba nyuma ya jiko akilia. Nilimwonea huruma, nikamwambia baiskeli itarudi tu. Akanipapasa kichwa.

Nilikuwa mama wa watoto wangu, na baba tumeshamzika, ndipo mama aliponisimulia. Baba mdogo Zakaria, ambaye kifo chake sisi watoto tuliambiwa ni ajali tu, alikanyagwa na lori mbele ya maduka yale, katika ukungu kama ule. Ndugu hao wawili walikuwa pamoja, kila mtu na baiskeli yake. Zakaria alikuwa amepanda njia ya miguu, na baba ndiye aliyemwamuru ateremke barabarani, kwa kuwa sheria ni sheria.

Angelitaja lori barazani, wangemuuliza alijuaje kukwepa. Mzee wa kanisa angesemaje mbele ya mchungaji wake kwamba ameokolewa na marehemu? Usiku ule baada ya baraza alimwambia mama maneno mawili tu: "Zakaria amenisamehe."

Nami nilidhani analilia baiskeli.